Siku Kumi Nyuma ya Sanduku la Samaki: Kutoka Peterhead hadi Boulogne

Siku ya kwanza, Jumatatu 8 Septemba 2025, Peterhead

Nilifika mnadani kabla ya jua kuchomoza, nikiwa nimepanda basi la kwanza kutoka Aberdeen kwa kuwa treni haifiki Peterhead. Hii ndiyo bandari inayopokea samaki wengi kuliko zote nchini Uingereza, na ukumbi wake wa mnada una baridi ya chumba cha jokofu. Masanduku ya plastiki yamepangwa sakafuni safu kwa safu, kila moja na barafu yake na kikaratasi kinachotaja jina la meli, aina ya samaki na uzito. Niliinua shavu la hadoki mmoja kwa kidole, kama nilivyokuwa nikifanya kila asubuhi katika kiwanda cha minofu ya sangara kule Mwanza. Matamvua yalikuwa mekundu, jicho limetuna, na harufu ilikuwa ya bahari tu. Samaki wa namna hiyo hana kasoro yoyote. Kinachobaki ni kujua atauzwa wapi na atafika lini.

Sababu ya safari hii ni ya zamani. Mwaka 1999 nilikuwa mkaguzi kijana wa ubora wakati Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa kuwa walikuwapo watu waliovua kwa sumu. Niliona zamu za kiwandani zikipunguzwa na wavuvi wa mialoni, ambao hawakuwahi kushika sumu hiyo, wakirudi nyumbani na sangara ambao hawakuwa na mnunuzi. Hapo ndipo nilipojifunza maana ya kuitwa nchi ya tatu, yaani nchi iliyo nje ya Umoja, ambayo samaki wake hawaingii bila cheti cha afya kilichotiwa saini na mamlaka inayotambuliwa. Uingereza ilijitoa katika Umoja, na tangu tarehe 1 Januari 2021 samaki wake nao huhesabiwa kuwa wa nchi ya tatu. Binti yangu anasoma Glasgow, na nilipopata nafasi ya kumtembelea niliona nisirudi nyumbani kabla sijafuata sanduku la samaki kutoka gatini mpaka upande wa pili wa bahari, ili nione jinsi taifa lililokuwa ndani kwa miaka 47 linavyopita sasa katika mlango ule ule tuliokuwa tukipita sisi.

Nahodha mmoja mstaafu aliyekuwa amesimama karibu na mizani alikubali kuzungumza nami, tukaenda kunywa chai. Mezani kwetu mkataba wa biashara kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya ulikuwa jambo la hesabu. Ulikubaliwa tarehe 24 Desemba 2020, wiki moja tu kabla ya mwisho wa kipindi cha mpito cha kujitoa katika Umoja, na suala la samaki lilikuwa miongoni mwa mambo ya mwisho kabisa kumalizwa, ingawa uvuvi hauchangii hata asilimia 1 ya uchumi wa Uingereza. Wavuvi walikuwa wameahidiwa kwamba nchi itamiliki maji yake yote mpaka maili 200 za baharini, au mpaka mstari wa kati pale ambapo jirani yuko karibu zaidi, na kwamba wageni wataingia kwa makubaliano ya mwaka hadi mwaka. Walichopata ni kurejeshewa robo ya thamani ya samaki waliokuwa wakivuliwa na meli za Umoja wa Ulaya katika maji ya Uingereza, asilimia 15 katika mwaka wa kwanza na iliyobaki kidogo kidogo hadi 2026, huku meli hizo zikiendelea kuingia kwa miaka mitano na nusu.

Jambo alilolikazia zaidi lilikuwa geni kwangu. Zamani vyama vya wavuvi viliweza kubadilishana migao, yaani kiasi cha samaki wanachoruhusiwa kuvua, na wenzao wa Denmaki, Ujerumani au Ufaransa katikati ya mwaka: wewe una mgawo wa samaki usiyemhitaji, mwenzako anao wa yule anayejaa wavuni mwako, mnabadilishana na kazi inaendelea. Mlango huo ulifungwa siku mkataba ulipoanza kutumika, na mabadilishano ikabidi yapitie serikalini. Kwa hiyo mgawo ulioongezeka kwenye karatasi ungeweza kuwa mdogo kuliko ule ambao meli ilikuwa ikiupata kwa kubadilishana, hasa kwa chewa wa Atlantiki na hadoki. Sehemu kubwa ya nyongeza ilikuwa ya vibua, na vibua huvuliwa na meli chache kubwa sana. Mwenye mashua ya mita kumi hakuona tofauti yoyote mkononi mwake.

Alinikumbusha pia kwamba mnamo Januari 2021 meli kadhaa za Uskoti zilivuka Bahari ya Kaskazini kwenda kushusha samaki Denmaki, kwa sababu bei katika minada ya nyumbani ilikuwa imeanguka baada ya wanunuzi kukosa uhakika wa kupitisha mzigo mpakani. Meli iliyovua samaki katika maji ya Uingereza ilikwenda kuwauza ng'ambo ili samaki hao wawahi soko la Ulaya, na gati la nyumbani likabaki bila kazi.

Siku ya pili, Jumanne 9 Septemba, Glasgow

Siku ya njiani, ambayo ningeipita haraka kama si chakula cha jioni. Binti yangu alinipeleka kula samaki wa kukaanga na chipsi, nami nikamwomba muuzaji anionyeshe katoni aliyotolewa samaki yule. Ilitoka Norwei. "Baba, huku wanakula samaki wa watu wengine na kuuza wa kwao," binti yangu alisema, na sikuwa na la kuongeza. Waingereza hupenda zaidi chewa, hadoki, samoni, jodari na kamba, na sehemu kubwa ya hao hutoka nje. Vibua, kaa, langustini na kome wanaotoka katika maji yao huenda zaidi kwa majirani, na zaidi ya nusu ya mauzo yao ya nje ya samaki huingia Umoja wa Ulaya. Viwanda vya samaki vya mji wa Grimsby vinaishi kwa samaki wa Aisilandi na Norwei. Meli kubwa Kirkella ya Hull, iliyokuwa ikivua chewa wa Aktiki, ilijikuta mwaka 2021 bila mgawo wake katika maji ya Norwei, kwa sababu nchi hizo mbili zilishindwa kuafikiana kwa mwaka ule, na mpango wa zamani uliokuwa ukipitia Umoja wa Ulaya haukuwapo tena.

Nchi inayokula kile isichovua na kuvua kile isichokula inaihitaji barabara ya mpakani kuliko inavyohitaji mgawo mkubwa zaidi. Hilo ndilo wazo nililolala nalo, na siku zilizofuata hazikunipa sababu ya kulibadilisha.

Siku ya tatu na ya nne, 10 na 11 Septemba, Oban

Reli inayotoka Glasgow kwenda pwani ya magharibi hupita kando ya maziwa na milima isiyo na miti, na mwishowe hufika gatini kabisa. Hapa hawavui kwa nyavu za kukokota pekee. Mashua nyingi ndogo hutega madema, na wanachokitafuta ni langustini, ndugu mwembamba wa kambakochi, mwenye rangi ya chungwa na makucha marefu.

Nilikaa saa nzima nikimtazama mama mmoja na mwanawe wakipanga walichovua. Kila langustini aliingizwa peke yake katika kijumba chembamba cha plastiki, mkia chini na makucha juu, kwa kuwa wakiwekwa pamoja hukatana. Vijumba hivyo hupangwa katika trei kama mashimo ya bao, trei hurudishwa katika maji ya bahari, na wakubwa hutenganishwa na wadogo kwa sababu bei yao haifanani. Mikono ya yule mama ilikwenda bila kutazama, ila aliponiona nimeinamia karibu alimgusa mmoja kwenye jicho ili nione jinsi anavyorusha mkia. Aliniambia kwamba akiwa hai ni chakula cha sherehe huko Hispania na Ufaransa, na akifa njiani ni hasara. Thamani yote ya mzigo huu imo katika saa chache za uhai.

Kabla ya 2021, mzigo ulioondoka hapa mchana ungeweza kuwa sokoni Boulogne, Ufaransa, kesho yake. Lori lilibeba masanduku ya wauzaji wengi, kila mmoja na trei zake chache, likashuka kusini na kuvuka bahari kama linavyovuka mpaka wa kaunti. Sasa kila mzigo unahitaji cheti cha uvuvi kinachoeleza meli iliyovua, eneo na uzito; unahitaji tamko la forodha pande zote mbili; unahitaji taarifa ya awali kwa kituo cha ukaguzi cha upande wa Ulaya; na unahitaji cheti cha afya kilichosomwa, kupigwa mhuri na kutiwa saini na daktari wa mifugo au afisa aliyeidhinishwa. Cheti hicho huandikwa pia kwa lugha ya nchi ya kuingilia, na saini yake lazima iwe ya rangi tofauti na maandishi yaliyochapwa. Nilitabasamu niliposikia habari ya wino, kwa kuwa nakumbuka siku tuliyotafuta kalamu ya buluu kiwanda kizima huku ndege ya mizigo ikisubiri uwanjani Mwanza.

Kuna tofauti moja kati yetu na hawa, na ndiyo iliyonishtua. Mzigo wetu wa minofu ulikuwa wa kiwanda kimoja, wenye cheti kimoja, na tani nyingi zilibeba gharama ya karatasi ile bila kuihisi. Hapa lori moja hubeba mizigo ya wauzaji kumi au ishirini. Mmoja akikosea namba ya meli, lori zima husimama, pamoja na trei za wale ambao karatasi zao ni safi. Mnamo Januari 2021 wasafirishaji walisitisha kwa muda huduma ya mizigo ya kuchanganya, na mashua za pwani hii zikafungwa gatini kwa sababu hapakuwa na wa kununua. Tarehe 18 Januari malori ya wauza samaki yalikwenda London kuegeshwa karibu na ofisi ya Waziri Mkuu kupinga. Serikali ilitenga pauni milioni 23 za kuwafidia waliopata hasara, lakini fidia hulipa mzigo uliooza, haimrudishi mnunuzi aliyekwisha kupata langustini wa Ayalandi.

Mambo yametulia tangu wakati ule, na kila niliyezungumza naye alikiri hivyo. Karatasi zinajulikana, makosa yamepungua, malori yanafika. Ila gharama haikuondoka. Nilimuuliza mama yule ni nani anayeilipa, akanijibu kwamba mnunuzi wa Hispania huitoa katika bei, msafirishaji huitoa katika bei, na mwisho wa mnyororo yupo yeye, ambaye hana wa kumtolea. Nimeyasikia maneno hayo hayo mwaloni, kwa Kisukuma.

Siku ya tano, Ijumaa 12 Septemba, Bangor, Wales

Kati ya Wales na kisiwa cha Anglesey upo mlango mwembamba wa bahari uitwao Menai, ambako kome hupandwa kwenye sakafu ya bahari kama mtu apandavyo shamba. Huchukuliwa wakiwa wadogo, humwagwa mahali penye mkondo mzuri, na huachwa wakue mpaka wavunwe. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mavuno ya hapa iliuzwa Uholanzi na Ufaransa ikiwa hai na kwa wingi.

Habari ya kome ndiyo iliyoniumiza kuliko zote katika safari hii. Maji ya kufugia samakigamba hupewa daraja kulingana na bakteria wa kinyesi wanaopatikana katika nyama yao. Daraja A ni pale ambapo kwa kawaida hawazidi 230 katika gramu 100. Daraja B huvumiliwa mpaka 4,600, kwa sharti kwamba kome wasafishwe kabla ya kuliwa. Maji mengi ya England na Wales yamo katika daraja B. Wakati nchi ilipokuwa ndani ya Umoja, kome wa daraja B walisafirishwa kama walivyo na kusafishwa huko huko Ulaya. Kanuni za Umoja haziruhusu nchi ya tatu kuleta samakigamba hai wa daraja hilo kabla ya kusafishwa, na kanuni hiyo haikutungwa kwa ajili ya Uingereza. Ilikuwapo siku zote, ikiwahusu watu wa nje. Siku moja maji ni yale yale, kome ni wale wale, na soko limefungwa.

Nilidhani jibu ni rahisi, kwamba wasafishwe hapa. Mkulima mmoja alinieleza kwa subira. Kome huwekwa katika matangi ya maji yaliyotiwa mwanga wa urujuanimno kwa kiasi cha saa 42. Kwa mzigo wa tani nyingi matangi hayo ni mtaji ambao wachache wanao, na kome aliyekwisha kusafishwa huanza safari akiwa amepoteza siku mbili za uhai wake. Wateja wa Uholanzi nao walikuwa na matangi yao tayari, wakihitaji malighafi tu. Maafisa wa Uingereza walitegemea kwamba zuio lingeondoka Aprili 2021. Umoja ulijibu kwamba ni la kudumu. Alipomaliza tulisimama tukitazama maji yakipwa, na maganda meusi yakianza kuonekana kando.

Siku ya sita na ya saba, 13 na 14 Septemba

Treni, na treni nyingine, mpaka Penzance, ambako reli inakoma. Jumapili nililala na kufua.

Siku ya nane, Jumatatu 15 Septemba, Newlyn

Mnada wa Newlyn ni mdogo kuliko wa Peterhead, lakini una samaki wa kila namna. Hapa nilionyeshwa samaki bapa ambaye Waingereza walikuwa hawamtaki, pamoja na kaa mwenye miguu mirefu kama buibui, wote wawili wakipelekwa Ulaya karibu wote. Barabara ilipokuwa ngumu mwaka 2021, watu wa hapa waliamua kuwapa majina mapya yanayobeba jina la eneo lao, Cornwall, ili wanunuzi wa nyumbani wavutiwe. Naliheshimu jambo hilo. Hata sisi hatukuwa na mazoea ya kuwauzia watu wa Dar es Salaam minofu ya sangara mpaka Ulaya ilipotufungia.

Hasira ya Newlyn, hata hivyo, iko karibu zaidi na pwani. Walitarajia kwamba eneo la kati ya maili 6 na 12 lingekuwa lao peke yao, lakini mkataba uliziruhusu meli za Ulaya zenye historia ya kuvua huko ziendelee katika sehemu za kusini. Hata mgawo wa zamani ulikuwa unawachoma: kwa chewa wa upande wa mashariki wa mlango-bahari ulioko kati ya Uingereza na Ufaransa, Uingereza ilikuwa na takriban asilimia 9, na Ufaransa zaidi ya asilimia 80. Kipindi cha mpito cha uvuvi, kile cha miaka mitano na nusu, kilikuwa kiishe tarehe 30 Juni 2026, na wengi waliuhesabia muda huo kama mtu anayesubiri deni lilipwe. Kisha tarehe 19 Mei 2025, katika mkutano wa viongozi London, ruhusa ya meli za Ulaya kuingia ikaongezwa kwa miaka 12, hadi 30 Juni 2038. Serikali ilitangaza mfuko wa pauni milioni 360 kwa ajili ya uvuvi na miji ya pwani. Siku hiyo hiyo pande mbili zilikubaliana kuandaa mkataba wa afya ya wanyama na mimea, ambao ukikamilika utaondoa sehemu kubwa ya vyeti nilivyoviona Oban.

Nilisikiliza maoni mawili kwenye gati moja. Mwenye nyavu alisema bahari imeuzwa mara ya pili. Mwenye kaa, ambaye mgawo haumhusu sana na ambaye mzigo wake wote huenda Hispania, alisema akipata barabara isiyo na vyeti atalala usingizi. Wote wawili wanasema kweli. Waliokuwa wakiyasemea maslahi ya wavuvi mezani walizungumza kana kwamba wavuvi ni kitu kimoja, na sidhani kosa hilo limerekebishwa.

Siku ya tisa, Jumanne 16 Septemba, Dover na Calais

Nilivuka kwa feri. Pasi yangu ilihitaji viza mbili, moja ya Uingereza na nyingine ya Ulaya, na maombi ya ile ya pili yalinichukua muda mrefu kuliko safari yote. Kwenye foleni ya magari niliona malori ya baridi yamejipanga, injini za majokofu zikinguruma. Dereva mmoja alikuwa ameshika bahasha nene ya plastiki kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

Siku ya kumi, Jumatano 17 Septemba, Boulogne-sur-Mer

Mtaa wa Capécure ulioko bandarini ni viwanda vya samaki mtupu. Boulogne ndiyo bandari kubwa ya uvuvi ya Ufaransa, lakini samaki wengi wanaotengenezwa hapa hawashuki kutoka baharini. Wanashuka kutoka kwenye malori, wakitoka Uskoti, Norwei na kwingineko. Kwa hiyo mji huu una hofu mbili. Wavuvi wake wanategemea maji ya Uingereza, na wanakumbuka msuguano wa leseni, ikiwemo tarehe 6 Mei 2021 ambapo mashua za Kifaransa zipatazo 60 zilijikusanya mbele ya bandari ya Jersey, kisiwa kilicho karibu na Ufaransa lakini chini ya ulinzi wa Uingereza, na Uingereza ikatuma manowari mbili. Wakata minofu wake nao wanategemea samaki wa Uingereza. Mvuvi mzee niliyekutana naye alisema ndugu yake aliipeleka meli yake kuvunjwa kwa fedha za serikali zilizotolewa kwa ajili hiyo, na sasa haendi kabisa gatini.

Mchana niliruhusiwa kuingia katika ghala la mnunuzi mmoja, nikiwa nimevaa koti jeupe na viatu vya mpira. Lori lilikuwa limetoka kituo cha ukaguzi muda si mrefu. Kijana mmoja alisoma namba kwenye kibandiko cha trei, akailinganisha na karatasi, akaitia alama. Kibandiko kilionyesha pwani ya magharibi ya Uskoti. Kisha akapita kijumba kwa kijumba, akiwagusa langustini kwenye jicho kwa ncha ya kalamu, kama alivyofanya mama yule wa Oban kwa kidole. Karibu wote walirusha mikia. Wawili hawakurusha, aliwatoa, akawaweka kando juu ya barafu, akaandika 2 pembezoni mwa karatasi, akavuta trei iliyofuata.